Mpanda ngazi hushuka, tena na mzigo mkononi

Hotuba ya fundi seremala kwenye mkutano wa wazungumzaji wa Kiswahili, kaskazini mwa Texas

Wazee wangu, shikamooni. Mabibi na mabwana, habari za mchana. Ndugu zangu wa Bukavu, Uvira na Bujumbura, nawasalimu na nyinyi. Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru kina mama waliopika, maana najua kuzungumza mbele ya watu walioshiba ni kupewa heshima.

Mwenyekiti aliponipigia simu wiki tatu zilizopita aliniambia hivi: "Fundi, mwaka huu familia nyingi zimenunua nyumba. Kila nyumba ina gereji, na watu wameanza kupandisha vitu darini. Njoo utuambie wapandeje." Nitajibu swali hilo hilo. Nikisema gereji leo simaanishi ile ya mafundi magari. Nasema chumba cha gari, kile kilichoshikana na nyumba, na ule uwazi ulio kati ya dari yake na paa.

Methali yetu inasema mpanda ngazi hushuka. Tulikua tukiisikia akiambiwa mtu aliyepata cheo akaanza kuwadharau wenzake. Mimi nimefanya useremala miaka 31, kumi na saba kati yake hapa Texas, na kwangu methali hii ni maelekezo ya kazi. Mtu anayechagua ngazi ya darini husimama chini, akatazama juu, akajiuliza atafikaje kule. Kupanda ni jambo jepesi. Macho yanatangulia, mikono inashika, mguu unaona unapokanyaga. Kazi iko kwenye kushuka. Kipandio hukioni, unakitafuta kwa ncha ya kiatu, na mikononi umeshika kile ulichokifuata. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ngazi ipi, mimi huanza kwa kumuuliza: utashuka na nini, na atakayeshuka ni nani?

Nitawaeleza swali hilo limenitoka wapi.

Mwaka 2014 mimi na mke wangu tulikaa kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa wiki sita tukisubiri nyumba yetu. Gereji yake ilikuwa na ngazi ya kukunja, ile ya kuvuta kamba, mlango unashuka kutoka darini na ngazi inakunjuka vipande vitatu. Ilifungwa na mtu aliyeitwa na mwenye nyumba wa kwanza. Siku ya pili tu niliitazama nikaona fremu yake imeshikwa na skrubu nyembamba nyeusi, zile za kupigilia jipsamu, ile bodi nyepesi ya dari. Skrubu hizo zimetengenezwa kubana ubao mwepesi usianguke. Ukizitwisha uzito wa mtu zinakatika kama njiti ya kiberiti, wala hazipindi kwanza zikakupa onyo. Niliziona, nikasema moyoni nitamwambia Jumamosi. Jumamosi ikapita. Nilikuwa mgeni, na mgeni huona haya kukosoa nyumba ya mwenyeji wake.

Mwezi wa kumi na moja shemeji alipanda kuchukua sufuria kubwa la pilau, lile la kulisha watu 80, kwa ajili ya harusi. Alishuka amelikumbatia kwa mikono miwili, ameipa ngazi mgongo kama mtu anayeshuka ngazi za ghorofa. Alipofika kipandio cha nne kutoka juu, fremu ikaachia upande mmoja. Alivunjika nyonga na kifundo cha mkono wa kulia. Shemeji yangu ni dereva wa lori. Alikaa miezi mitano bila kushika usukani, na watoto wake wanne walijua hali ilivyokuwa. Skrubu nene za dola chache zingemshika. Neno langu moja lingemshika pia. Tangu siku ile siingii gereji ya mtu bila kuinua macho, na nikiona jambo nalisema papo hapo, hata kama chai haijamiminwa.

Sasa tuitazame dari yenyewe, kwa sababu hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapodanganyika kuliko mahali pengine pote.

Babu yangu aliishi Pangani katika nyumba ya mawe. Dari yake ilikuwa boriti za mikoko zilizolazwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Watu wa juu walitwanga, watoto waliruka, na sisi wa chini tulisikia mshindo tu. Katika lugha yetu dari ya aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu. Ukija na wazo hilo Texas utaumia. Dari ya gereji ya hapa ni bodi ya jipsamu, mara nyingi ya nusu inchi, yaani unga mgumu uliobanwa kati ya karatasi mbili. Juu yake hakuna sakafu. Ukitia kichwa kwenye tundu utaona sufi ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto imetandazwa kama theluji, na chini ya sufi kuna mbao nyembamba zilizosimama kwa ubavu, moja hapa, nyingine inchi 24 kutoka hapo, yaani sentimita 61. Kati ya ubao na ubao kuna hiyo jipsamu peke yake. Sufi inazificha mbao, kwa hiyo mtu anakanyaga anapodhani pana ubao, na mguu unapita mpaka gerejini.

Mbao hizo ni sehemu za chini za kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Mafundi mliomo humu mnajua kenchi, ila kenchi za hapa zinatoka kiwandani tayari. Ni mbao zinazoitwa za inchi 2 kwa 4, zimeunganishwa kwa mabamba ya chuma yenye meno, na kila kipande kimepigiwa hesabu. Paa linakandamiza kuelekea chini na kusukuma kuta zifunguke kwenda nje. Ule ubao wa chini ndio unaoshika pande mbili zisiachane. Unavutwa mchana na usiku. Ukiukata ili upate tundu pana la kupitisha kabati, nyumba haitaanguka jioni hiyo. Itaanza kulegea polepole, dari itafanya tumbo, milango itagoma kufunga, na siku ya upepo mkali mtajua. Kenchi haikatwi, haitobolewi tundu kubwa, wala haipunguzwi bila mhandisi kuchora namna ya kuitia nguvu upya. Narudia kwa ajili ya vijana wenye misumeno mipya ya betri: haikatwi.

Kwa bahati nzuri waliotengeneza ngazi za kukunja walilijua hilo. Ukienda dukani utaona ngazi nyingi zimeandikwa tundu la inchi 22 na nusu kwa 54. Kipimo hicho kina sababu. Kenchi zimepishana inchi 24 kutoka katikati ya ubao hadi katikati ya mwenzake, na ubao, ingawa unaitwa wa inchi 2, una unene halisi wa inchi moja na nusu. Toa inchi moja na nusu kwenye 24, zinabaki 22 na nusu. Ngazi hiyo inaingia kati ya kenchi mbili, ikifuata urefu wa mbao, bila kukata hata moja. Kuna nyingine pana zaidi, za inchi 25 na nusu. Ni nzuri kupanda, lakini katika nyumba ya kenchi za namna hii haziingii bila kukata. Mtu wa duka hatakwambia, kwa sababu hajaiona dari yako. Kabla ya kutoa pesa panda na tepu na tochi ukapime mwenyewe.

Sasa niseme uzito. Kanuni ya nyumba za kuishi inayotolewa na International Code Council, ambayo miji mingi ya Marekani, pamoja na hii yetu ya Texas, huifuata, imegawa dari kwa matumizi. Dari isiyokusudiwa kuwekwa vitu imehesabiwa kubeba paundi 10 kwa kila futi ya mraba. Dari yenye nafasi ya kuweka vitu kidogo, paundi 20. Dari inayofikiwa kwa ngazi za kudumu, paundi 30. Tafadhali liwekeni akilini hilo la tatu, nitalirudia.

Paundi 10 ni kiasi gani? Chukua sanduku la vitabu lenye kitako cha futi moja na nusu kwa futi mbili. Eneo lake ni futi 3 za mraba. Kwa dari ya kwanza, eneo hilo limepewa paundi 30, kama kilo 13 na nusu. Sanduku hilo likijaa vitabu linapita paundi 60 bila shida. Umekwisha kuzidisha mara mbili, na hapo sijahesabu plaiwudi uliyoitandaza wala wewe mwenyewe uliyepiga goti kando yake. Sanduku moja halitavunja nyumba. Lakini mimi nimeona gereji zenye masanduku 20 yamerundikwa mahali pamoja karibu na tundu, kwa sababu mtu amechoka na hataki kwenda mbali. Dari yako ina kiasi gani? Mara nyingi kenchi zina karatasi ya kiwandani iliyogongwa kwenye ubao, au michoro iko kwa mjenzi, au ofisi ya majengo ya mji wako inaweza kukuongoza. Usipopata jibu, ihesabu ni dari ya paundi 10 na uweke vitu vyepesi tu: maua ya plastiki, mapambo ya sikukuu, masanduku matupu ya safari.

Kuna jambo jingine la jipsamu ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Ile bodi ya gerejini haikuwekwa kwa urembo. Gereji ina gari lenye petroli, ina mashine ya kukatia nyasi, rangi, betri zinazochajiwa usiku. Kanuni inataka gereji itengwe na nyumba na dari ya nyumba kwa jipsamu isiyopungua nusu inchi, na kama juu yake kuna chumba cha watu, iwe ile nene ya sehemu tano za nane za inchi, inayostahimili moto zaidi. Jipsamu ina maji ndani yake, karibu moja ya tano ya uzito wake, yaliyofungwa humo humo kwenye unga. Moto ukiipiga, maji yale yanageuka mvuke kwanza, na kwa dakika hizo joto halivuki kwenda upande wa pili. Dakika hizo ndizo za kuwatoa watoto kitandani.

Fikirieni sasa unatoboa jipsamu hiyo futi nne na nusu, unaweka mlango wa plaiwudi nyembamba wenye upenyo pembeni. Ikiwa dari ya gereji na dari ya vyumba vya kulala ni uwazi mmoja chini ya paa moja, na nyumba nyingi za hapa ziko hivyo, umefungua njia ya moto mpaka juu ya vitanda vya watoto. Moshi wa gari unapita hapo hapo. Kwa hiyo ukinunua ngazi ya gerejini, tafuta ile ambayo mlango wake umepimwa kustahimili moto na una mpira wa kuziba pembeni. Ni ghali zaidi. Mimi siifungi ya kawaida kwenye gereji iliyoshikana na nyumba, hata mteja akisema jirani yake anayo. Na piga simu mjini ujue kama kibali kinahitajika. Kama umepanga nyumba, zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Tuje kwenye ngazi zenyewe. Kiswahili kina neno moja tu, ngazi, kwa ile ya kuegemeza mwembeni na kwa ile ya saruji ya ghorofani. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo tunashuka zote kwa namna moja.

Ngazi ya kuegemeza ndiyo rahisi, na wengi mnayo tayari. Kwa kupanda mara moja kwa mwaka kutazama kama paa linavuja, inatosha. Iegemee kwa mteremko wa nne kwa moja: kila futi nne za kwenda juu, mguu wake uwe futi moja mbali na ukuta au ukingo. Kichwa chake kipite ukingo wa tundu kwa futi tatu, kama sentimita 90, upate pa kushika unapohama kutoka ngazini kwenda darini. Hicho ndicho kipimo ambacho OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, inawadai wajenzi. Tatizo la gerejini ni kwamba tundu la kawaida la ukaguzi ni dogo. Kanuni inaruhusu inchi 22 kwa 30. Ngazi ikipita humo na kuzidi futi tatu, mtu anapita wapi? Anajibana, na akiwa na sanduku hapiti kabisa. Kwa hiyo nasema hivi: ngazi ya kuegemeza ni ya kwenda kutazama. Haifai kushukia na mizigo.

Ngazi ya kukunja ndiyo wengi wataichagua, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ikague kama unavyokagua gari. Itakuwa na karatasi ya uwezo wake: paundi 250, 300, 350 au 375. Uzito huo ni wa mtu na nguo zake na viatu vyake na mzigo wake, vyote pamoja. Mwanamume wa kilo 95 akibeba sanduku la kilo 20 anakuwa kilo 115. Paundi 250 ni kilo 113. Amekwisha kupita. Sioni sababu ya kununua chini ya 350. Tafuta pia alama ya ANSI A14.9, ambayo ni viwango vya Marekani vya usalama wa ngazi za darini hasa.

Kipimo cha urefu kichukue kwenye sakafu ya gereji yenyewe, usichukue cha sebuleni ukadhani ni kile kile. Sakafu ya gereji mara nyingi iko chini kuliko ya nyumba. Tena imelazwa ikiinama kuelekea mlango mkubwa ili maji yatoke. Kwa sababu ya mwinamo huo, mguu mmoja wa ngazi unaweza kugusa sakafu na mwingine ukaning'inia nusu inchi hewani. Kila mguu unapimwa peke yake na kukatwa peke yake. Ukishaifunga, ikunjue uitazame kwa ubavu: kwenye bawaba, kipande cha juu na cha chini vikutane vikashikana bila mwanya, ngazi yote iwe mstari mmoja ulionyooka. Ukiona mwanya mbele au nyuma ya bawaba, ngazi imekatwa fupi au ndefu kupita kiasi, na kila ukipanda uzito wako unapinda ile bawaba. Siku moja itakatika. Nyumba nyingi nilizoingia zina kosa hili, na linaonekana ukisimama chini tu. Leo jioni mkifika nyumbani tazameni.

Skrubu nimekwisha zisema. Fremu ifungwe kwa skrubu nene za robo inchi au misumari mikubwa inayotajwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, zipite fremu ziingie kwenye ubao imara, na kwenye pembe zote zinazoelekezwa. Kabari ziwekwe pale fremu isipogusa ubao. Zile nyeusi nyembamba ukiziona, usipande tena mpaka zibadilishwe.

Mahali pa kuifunga napo panataka akili. Mlango wa gereji ukifunguka unalala chini ya dari. Ngazi ikikunjuka kwenye njia yake, siku moja mtoto atarudi shuleni, atabonyeza kitufe, na wewe uko kipandio cha sita. Ifungwe mlango usikofika, na hata hivyo chomoa plagi ya mota ya mlango kabla ya kupanda. Msiiweke karibu na zile springi kubwa zilizo juu ya mlango. Zimejaa nguvu, na anayezigusa awe fundi wa kazi hiyo. Pia tundu likae karibu na katikati ya paa, ambako kichwa kina nafasi. Pembeni paa linashuka, na upande wa ndani wa mbao zake umejaa ncha za misumari ya vigae. Nimewahi kushonwa nyuzi saba kichwani kwa ncha hizo.

Sasa ngazi za kudumu, kama za ghorofa. Hizo ndizo salama kuliko zote kushuka, hilo halina ubishi. Lakini zina madai. Kwa ngazi za ndani ya nyumba, kanuni inataka upana wa inchi 36, kila daraja lisipande zaidi ya inchi 7 na robo tatu, na pa kukanyagia pasipungue inchi 10. Gereji yenye dari ya futi 9, ukijumlisha unene wa sakafu ya juu, ni kama inchi 112 za kupanda. Hayo ni mapandio 15 na sehemu 14 za kukanyaga, yaani inchi 140 za urefu sakafuni, zaidi kidogo ya mita tatu na nusu. Umekula sehemu ya nafasi ya gari moja. Na hapa ndipo narudi kwenye lile la tatu: dari yenye ngazi za kudumu inatakiwa ibebe paundi 30. Sababu yake ni ya kibinadamu. Ukiwarahisishia watu kupanda, watapandisha. Kwa hiyo usijenge ngazi nzuri kwenda kwenye dari dhaifu. Anayejenga nyumba mpya na anajua atahitaji stoo juu, aseme kabla kenchi hazijaagizwa kiwandani. Huko ndiko kubadilisha ni rahisi.

Kwa mizigo kuna lifti ndogo za umeme, jukwaa linaloinuliwa kwa nyaya hadi darini. Nazipenda, kwa sababu zinaacha mikono ya mtu ikiwa mitupu. Sanduku linashuka peke yake, na mtu anashuka nyuma yake akishika ngazi kwa mikono miwili. Ni za mizigo tu, mtu hapandi, hata mtoto. Na wakati inashuka asisimame mtu chini.

Ukishafika juu, lile tundu ulilopandia limekuwa shimo nyuma yako, futi nne na nusu kwa karibu mbili. Watu wanarudi kinyumenyume wakivuta sanduku na kulisahau. Wekeni kizuizi pande tatu, cha inchi 36, na vishikio viwili vya chuma pande zote za kichwa cha ngazi. Taa iwe na swichi inayofikiwa kutoka chini. Na tandazeni plaiwudi iliyofungwa kwa skrubu kwenye mbao, njia ya kutembelea angalau, hata kama hamna nia ya kuweka kitu.

Mchana wa mwezi wa saba hapa kwetu dari hupita nyuzi joto 50. Mtu anazunguka dakika kumi, anaanza kuona giza, halafu ndipo anaanza kushuka. Pandeni alfajiri, na msipande mkiwa peke yenu nyumbani. Petroli, mitungi ya gesi, rangi na dawa havina nafasi huko kabisa. Picha za harusi na vyeti vya shule vilevile, joto litavifanya vishikane. Mwenye nyumba ya zamani akikuta chembe nyepesi za kijivu zenye kung'aa badala ya sufi, asizishike wala asizipepee. Huenda ni vemikulaiti, na nyingi ya iliyouzwa Marekani kabla ya 1990 ilichimbwa Libby, Montana, katika mgodi uliokuwa na asbesto. Aite wapimaji.

Nisikilizeni kwa hili la mwisho, hasa nyinyi mnaoishi na wazazi. Mama amekuja kutoka Kigoma kwa miezi sita. Anaona stoo imejaa, na yeye ni mtu wa kazi, hawezi kukaa. Kila kitu anachoweza kukihitaji, na kila kizito, kiwe chini. Rafu za ukutani zilizofungwa kwenye nguzo za mbao ndani ya ukuta, kati ya goti na bega, zinabeba zaidi ya dari yenu na hazina ngazi. Shemeji yangu alipopona hatukubadilisha ngazi. Tuliitoa, tukaziba tundu kwa jipsamu nene, tukajenga rafu upande mmoja wa gereji. Sufuria la pilau linakaa usawa wa kiuno. Ndilo lililopikiwa chakula mlichokula leo.

Mwenyekiti, naona muda. Pale nyuma nimeleta kipande cha ngazi chenye vipandio vinne tu, nimekifunga kwa mwinamo ule ule wa ngazi ya darini, na kando yake kuna sanduku tupu la karatasi. Nataka kila anayeweza ashuke mara mbili: kwanza amelikumbatia sanduku, kisha mikono ikiwa mitupu na uso umeelekea ngazi. Mimi nitakuwa nimewashika. Kaka mwenye shati la kijani, ulitikisa kichwa niliposema kipandio hakionekani. Njoo uanze wewe, ila vua kandambili kwanza.